Kundi la Aliko

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima na ziwa limeanza kuwa jeusi wakati Isidore alipokuwa anapanda mlima wa nyumba za wazungu, mkono mmoja kwenye baiskeli, mwingine kwenye mkoba wa dawa. Na katika kila kona alikuwa anamdharau mtu.

Alianza na wauza samaki wa ndagala wa kule chini, waliomwamkia "dokta" kisha wakacheka mgongoni mwake kwa kuwa wagonjwa wake ni mbuzi. Akaja kwa mkuu wake wa kazi, mtu asiyejua kutofautisha kupe na kiroboto. Halafu akamfikia yule aliyekuwa anakwenda kwake, sitwayen Kalenga, yaani mwananchi Kalenga, kama Serikali ilivyotaka watu waitane. Huyo alimdharau polepole, kama mtu anayetafuna muwa.

Ilikuwa mwaka sabini na tano. Miaka miwili nyuma Kalenga alikuwa karani wa ghala bandarini. Kisha Serikali ikasema mali ya wageni sasa ni ya wananchi, na mwananchi aliyesimama karibu zaidi na meza siku hiyo alikuwa yeye. Akapewa duka la Mgiriki, nyumba ya Mgiriki, friji ya Mgiriki. Mwaka haukuisha, duka likawa na rafu tupu na panya. Friji ikawa kabati la nguo. Kalenga akabaki na abakosti tatu, zile suti za Chama zisizovaliwa na tai, kiti katika kamati ya Chama, na sauti ya mtu anayeagiza.

Na mbwa. Mgiriki aliondoka usiku mmoja na masanduku mawili, mbwa akabaki.

Mchana huo Kalenga alikuwa amemtumia Isidore nusu ya ukurasa wa daftari: "Mbwa ana kichaa. Njoo na dawa. Leo."

Aliyemfungulia geti ni mpishi wa nyumba, Papa Augustin, mzee mwembamba aliyerithiwa pamoja na masufuria. Alifunga geti taratibu, akamshika Isidore mkono wa shati.

"Dokta," akanong'ona. "Aliko hana kichaa."

Mgiriki alikuwa amemwita mbwa wake Arkos. Jina hilo halikukaa mdomoni mwa mtu yeyote mjini, na kwa kuwa ukichungulia getini saa yoyote ungemkuta pale pale, watu walimwita Aliko, yaani yupo.

"Wewe ulisomea wapi ugonjwa wa mbwa?" Isidore akauliza.

"Sikusoma. Nilimupikia miaka saba."

Isidore akacheka kwa pua. Lakini mzee hakuachia shati.

"Sikia kwanza, Dokta. Mgiriki alimuleta angali mudogo, ndani ya sanduku ya sabuni, kwa boti ya kutoka Kigoma. Kwabo ni milima, kule kwa baridi. Wazee wa kule wanakamata mbwa mutoto mbele hajafungua macho, wanamutia katikati ya kondoo. Ananyonya kondoo. Analala na kondoo. Akikomaa, hapendi muntu. Hata bwana wake hamupendi. Anapenda kundi lake, basi."

"Hadithi nzuri."

"Na muchungaji mwenyewe, siku anataka kuchinja kondoo, anamufungia mbwa mbali kwanza. Mgiriki alinielezea. Asipomufungia..." Mzee akatazama madirisha. "Mbwa ya aina ile haiulize kama mwenye kisu ni mwenye mali."

"Na kundi la huyu liko wapi? Mimi sioni kondoo hapa."

"Kondoo za Mgiriki sitwayen alizikula zote, mwezi wa kwanza, na rafiki zake. Aliko alilala majanini wiki mbili bila kula. Tukasema anakufa. Kiisha mutoto akatoka, Cécile, akaenda kulala pembeni yake. Kutoka siku ile analala mulangoni kwa mutoto. Sitwayen akija na taa kumuangalia mutoto wake... hapiti."

"Baba anazuiwa na mbwa."

"Tangu miezi mbili, kila jioni anajaribu," Augustin akasema, na sauti yake ikashuka kabisa. "Kwa nini anajaribu kila jioni, Dokta?"

Isidore akavuta mkono wake. Hakuwa na muda wa maswali ya wapishi.

Mbwa alikuwa barazani. Isidore alikuwa ameshika mbwa wengi maishani, wale wa mitaani wenye mbavu, waoga, wanaojikunja ukiinama tu kama unaokota jiwe. Huyu hakuwa wa jamii hiyo. Alikuwa na urefu wa ndama, rangi ya majivu, shingo imezungukwa na manyoya mazito yasiyofaa kwa joto la Kalemie. Hakubweka. Hakusimama. Alimtazama Isidore kuanzia viatu hadi kofia, akamaliza, akageuza kichwa pembeni.

Basi. Kama mkubwa wa ofisi anayerudisha barua bila kuisoma.

Isidore aliona uso wake unapata moto. Dharau ya Kalenga angeweza kuivumilia, kwa kuwa naye alikuwa analipa kwa dharau ile ile. Lakini mbwa!

Akamchunguza kutoka mbali, kama alivyofundishwa. Mate hayatoki. Macho safi. Miguu haiyumbi. Kisha Aliko akanyanyuka, akaenda kwenye beseni lililokuwa chini ya bomba, akanywa maji. Akanywa taratibu, mpaka akatosheka.

Mbwa mwenye kichaa hawezi kumeza maji. Hilo Isidore alilijua kuliko alivyojua Baba Yetu.

"Umeona?" Kalenga alikuwa amesimama nyuma yake, glasi ya wiski mkononi. "Kichaa kabisa."

Isidore alifungua mdomo. Akamfikiria mtu wa kamati akiandika jina lake kwenye karatasi, akajiona amehamishiwa porini Nyunzu kuhesabu nguruwe. Akafikiria pia yale macho yaliyogeuka pembeni.

"Dalili zipo," akasema.

Alikuwa na unga wake mweupe ndani ya chupa, ile sumu ya kampeni ya kuua mbwa wa mitaani. Akaupaka katikati ya kipande cha nyama, akamtupia Aliko. Aliko hakuinusa. Akamsogezea kwa fimbo. Aliko akakalia mkia wake, akatazama ziwa.

"Hali kwa mukono wa mugeni," Kalenga akasema. "Wala kwa mukono wangu." Akageuka. "Cécile!"

Mtoto akatoka ndani. Alikuwa na miaka sita, nywele zimesukwa nusu, nusu bado. Nyuma yake, mlangoni mwa jiko la nje, akatokea mama yake, Claudine, chanuo mkononi.

"Baba Cécile," Claudine akasema. "Mutoto hapana."

Kalenga hakumtazama. Akaichukua nyama, akaizungushia jani la mgomba, akaiweka kwenye kiganja cha binti yake.

"Mupe rafiki yako."

Isidore angeweza kusema neno. Baadaye alihesabu: kulikuwa na hatua kumi na nne kutoka kwa Kalenga hadi kwa mbwa, na mtoto alizitembea zote polepole, akijali jani lisifunguke. Hatua kumi na nne. Isidore alifunga mkoba wake.

Aliko aliinusa nyama. Akaiacha. Akainua kichwa, akamtazama Isidore, safari hii muda mrefu. Kisha akamtazama mtoto, aliyekuwa amenyoosha mkono akitabasamu.

Akala. Akaulamba na mkono.

"Mpelekeni akanawe!" Isidore akapiga kelele, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. Claudine alikuwa ameshafika. Alimnyakua mtoto, akampeleka bombani, akamsugua kwa sabuni mpaka mtoto akalia.

Mbwa wa kawaida angeanguka baada ya robo saa. Isidore alikaa sebuleni kusubiri. Robo saa ikapita. Kucha zikasikika kwenye sementi... tak, tak, tak... Aliko akaingia, akapita mbele yao bila kuwatazama, akaenda zake kwenye korido. Walimsikia anajilaza mlangoni pa chumba cha mtoto, kwa uzito, kama gunia la chumvi. Cécile alikuwa ameshalazwa humo.

Nusu saa ikapita.

Kalenga alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mgiriki, kile kikubwa, akitazamana na Isidore. Kati yao kulikuwa na meza na glasi mbili. Nyuma ya Kalenga, dirisha, na mwanga wa mwezi juu ya ziwa.

Umeme ukakatika. Hilo halikumshtua mtu. Mjini ulikatika kila jioni.

"Augustin ataleta taa," Isidore akasema.

Kichwa cha Kalenga kilikuwa kimelala nyuma, macho yamefumba, mikono imewekwa juu ya magoti. Alikuwa anapumua kwa mbali sana. Isidore akadhani ni wiski.

Halafu akasikia.

Pa.

Pa... pa.

Kitu kilikuwa kinatembea ndani ya korido. Hazikuwa kucha. Zilikuwa nyayo tupu, zenye maji, zinazopigwa chini kwa ubapa. Na harufu ikaja, matope ya ziwa na nywele zilizoungua. Isidore akageuza shingo. Korido ilikuwa giza tupu.

Pa... pa... pa.

"Sitwayen," akanong'ona. "Kuna mtu ndani."

Kalenga hakufumbua macho.

Ndipo mbwa aliyepaswa kuwa maiti akanguruma.

Haikuwa sauti ya mnyama anayetishia. Ilianzia chini sana, Isidore aliisikia kwenye miguu ya kiti kabla ya kuisikia masikioni. Kisha kishindo. Kitu kikagonga ukuta. Mtoto akapiga ukelele mmoja. Meno yakafunga juu ya nyama, yakafunga tena, na kitu kikaburuzwa, kikarudishwa, kikaburuzwa...

Na mbele ya Isidore, kwenye kiti, mkono wa kuume wa Kalenga ukaruka.

Ukaruka peke yake. Ukavutwa pembeni, ukatikiswa, kama kitambaa mdomoni mwa mbwa. Uso wa Kalenga ulikuwa umefunguka kwa maumivu, macho bado yamefumba, na hakuna sauti iliyotoka. Isidore aliyaona hayo kwa mwanga wa dirisha. Hakuhama. Alishika meza kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya boti wakati wa dhoruba.

Kimya.

Augustin akaingia na taa ya petroli, Claudine nyuma yake akikimbia kuelekea koridoni.

Kalenga alikuwa ameamka. Mkono wa abakosti ulikuwa umechanika toka kiwiko hadi kifundo, na damu ilikuwa inadondoka kwenye vigae vyeupe vya Mgiriki. Tone kwa tone. Kati ya kiti na korido hapakuwa na tone hata moja.

"Mbwa ameniuma," Kalenga akasema.

"Lini?" Isidore akauliza.

"Umeona mwenyewe." Akamtazama kwa utulivu. "Uliona. Si njo hivyo, dokta?"

Isidore alichukua taa, akaenda koridoni, kwa kuwa hakutaka kuendelea kutazamwa. Aliko alikuwa amelala kizingitini, amekufa, mwili umejipinda kwa sumu, meno mekundu. Hata mfu alikuwa ameziba mlango mzima. Claudine alilazimika kumruka ili amfikie mtoto. Na juu ya sementi kulikuwa na alama za maji. Zilianzia katikati ya korido, pasipo mlango wala dirisha, zikaja hadi kwa mbwa.

Isidore akainamisha taa.

Zilikuwa alama za viganja.

"Alikuwa anatembea kwa mikono," Cécile akasema kutoka shingoni mwa mama yake. "Miguu juu. Alikuwa Papa yangu mwenyewe."

Claudine akamfunika mdomo.

Isidore aliandika karatasi usiku ule ule, mezani pa Kalenga. Aliandika kwamba mbwa mwenye kichaa amemuuma mwenye nyumba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama siku zote. Sheria ilitaka kichwa cha mbwa kipelekwe maabara Lubumbashi. Asubuhi akakikata mwenyewe, akakifungia kwenye sanduku lenye barafu ya wafanyabiashara wa samaki, akakipandisha treni. Alifanya hivyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Siku ya tisa Augustin alikuja ofisini.

"Sitwayen hanywi maji," akasema.

Kalenga alikuwa ameamuru mablanketi yapigiliwe misumari kwenye madirisha yote yanayotazama ziwa. Alikuwa anasikia mawimbi na kulia. Ukimwonyesha glasi, koo lilijifunga hadi akawa wa bluu. Chumba kilichotazama mji tu ndicho alichoweza kulala, na hicho kilikuwa stoo. Alifia humo siku ya kumi na mbili, kati ya masanduku matupu ya Mgiriki, na Chama kikampelekea shada la maua.

Ugonjwa huo hauanzi siku ya tisa. Unahitaji majuma, mara nyingi miezi. Isidore alikuwa amesoma.

Jibu la Lubumbashi lilifika baada ya mazishi. Mistari miwili kwa taipureta. Ubongo wa mbwa ulikuwa safi. Hakuna kichaa.

Alilisoma mara nyingi, akajaribu kumdharau aliyeliandika. Hakuweza.

Kesho yake Claudine akaingia ofisini, kichwani kitambaa cheusi cha msiba, mtoto kwa mkono. Hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Nataka karatasi," akasema. "Kapteni wa boti hataki kutubeba. Anasema sisi ni nyumba ya kichaa. Andika kama mutoto hakuumwa na mbwa."

"Mnakwenda wapi?"

"Moba. Kwa mama yangu. Wewe na kapteni tu njo munajua."

Isidore aliandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Alipopiga muhuri akasema, bila kuinua kichwa, "Mama, nilijua hana ugonjwa. Nilimwona anakunywa maji."

"Najua ulimuona. Nilikuwa nakuangalia."

Isidore akamngojea amalize, na yeye akamaliza.

"Watu wanasema Kalenga alikuwa mulozi, muchawi. Sawa. Mulozi anafanya kazi ya mulozi. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mtoto alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, akiigeuza.

"Kwa nini yeye?" Isidore akauliza hatimaye, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Duka ilikuwa tupu," Claudine akasema. "Alitaka ijae, na mali ile bei yake ni mutoto." Akaikunja karatasi. "Na vitu vile havifanywe na muntu moja. Wako wengine wanangojea."

Akatoka. Isidore aliwatazama wanateremka barabara ya bandarini mpaka wakapotea.

Siku ya nne baada ya hapo, saa za alasiri, mtu aligonga mlango wa ofisi kwa adabu. Alikuwa mwembamba, miwani ya duara, shati jeupe lililopigwa pasi. Alijitambulisha kwa jina la Bonaventure, mdogo wa marehemu Kalenga, kutoka Ankoro. Alimshukuru Isidore kwa yote aliyoyafanya kwa ajili ya kaka yake. Alimwita daktari, kwa ukamilifu wa neno, jambo ambalo mjini hakuna aliyewahi kulifanya bila kucheka.

"Nauliza tu, daktari. Shemeji yangu na mutoto, walielekea wapi?"

Katika miaka kumi na moja ya kazi Isidore hakuwahi kumdanganya mkubwa. Alikuwa amewahi tu kukubaliana nao.

"Manono," akasema. "Walipanda treni ya Kabalo."

"Manono nilikuwa juzi." Bonaventure akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia mwanafunzi. "Hawajafika."

"Basi labda Kabimba."

"Na Kabimba nilipita."

Pembeni ya meza kulikuwa na tenga la kuku walioletwa kwa chanjo. Walikuwa wanapiga kelele tangu asubuhi. Wakanyamaza, wote, kwa mara moja.

"Hakuna haraka," Bonaventure akasema, akavuta benchi mpaka mbele ya meza, akakaa. "Mutoto ni wa ukoo. Nitangoja ukumbuke."

Isidore akafungua daftari la chanjo, akachovya kalamu, akaandika tarehe. Wenzake walifunga madirisha yao, wakamuaga, wakaenda. Nje ziwa lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Aliandika tarehe ile ile tena, chini yake, na tena, na jasho lilikuwa linaingia machoni. Hakunyanyuka. Hakutamka jina la mahali popote.

Mbele yake yule mtu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaendelea kungoja.